Picha ya Mtu Aliye Hai

Alhamisi, 3 Aprili

Masika yameingia kwa kejeli. Asubuhi jua, adhuhuri mvua ya kumwaga, alasiri jua tena na mbu juu yake. Maji yamepita chini ya mlango wa duka, nimeipandisha printa juu ya kiti na mimi mwenyewe nimekaa juu ya ndoo. Umeme hakuna. Bila umeme mimi si mtu wa kazi, kwa hiyo nimeligeuza hili daftari la wateja na kuanza kuandika kwa nyuma mambo yangu mwenyewe.

Kwa atakayelisoma nikishakufa, na alisome kwa adabu: mimi ni Tausi, nina steshenari hapa Pangani, si mbali na kivuko. Fotokopi ni ya kunipatia unga. Kazi yangu hasa ni kuchora kwa kompyuta: kadi za harusi, mabango, nembo za vikundi vya akina mama. Sikusomea. Nilijifunza kwa kutazama video, kwa programu mbili za bure, GIMP ya kutengeneza picha na Inkscape ya kuchora na kuremba herufi. Rahimu, kijana wa Mwera anayechapa fulana Tanga mjini, ndiye mwenzangu na ndiye mshindani wangu. Akigundua njia mpya ya kuzifanya herufi zing'ae hunitumia ili niumie roho. Nami nikigundua yangu humtumia ili aumie yeye. Ndivyo tunavyopendana.

Jumapili, 6 Aprili

Nimevuka kwenda Mwera kumwona Mjomba Maulid. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama yangu, dada yake, alipofariki nikiwa na miaka sita. Kiharusi kilimpiga mwezi wa Shaabani. Upande wa kushoto haufanyi kazi na mdomo umekwenda kombo, lakini akili zake zote anazo, na ulimi unafika anakotaka, ila taratibu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umepanda kivuko au umeogelea?"

Akauliza kama Saleh amepiga simu. Saleh ni mwanawe wa pekee, yuko Mwanza, mwaka wa nne sasa hajaja. Mkewe, mkaza mjomba Mwatumu, akamjibu kwamba atapiga, ana shughuli. "Ana shughuli nyingi sana," Mjomba akaniambia mimi, kwa fahari, kana kwamba shughuli ni cheo.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Fotokopi tatu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mwalimu Anastazia amefiwa na mama yake huko Muheza. Alikuja mbio kutaka tanzia ya kusambaza kwenye simu. Siku hizi mtu hajafa mpaka tanzia yake itoke: picha yake katikati ndani ya duara, mawingu nyuma, mwanga unashuka, jina kwa herufi kubwa zenye kivuli, chini saa ya maziko. Nilipewa nusu saa. Picha yenyewe ilikatwa kutoka kwenye harusi ya mtu, na bega la jirani limebaki kwenye shavu la marehemu. Nilijitahidi kulifuta, likageuka ukungu. Anastazia akashukuru, akalia, akaondoka. Mimi nilibaki na aibu ya fundi aliyetoa kazi mbovu.

Nikamfikiria Mjomba. Siku yake ikifika nitakuwa nalia. Mtu anayelia hawezi kushika kipanya. Nani atamchorea? Rahimu? Atamwekea mawaridi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeanza. Nalijua jina la jambo hili, na wala sijidanganyi: linaitwa uchuro. Mtu yu hai anakula uji, wewe unamtengenezea tanzia. Mkaza mjomba akijua atanitoa kwa ufagio. Lakini nimesema moyoni kwamba sanda nayo watu hununua mapema wakaiweka sandukuni, na hakuna anayewaita wachawi.

Nachora kutoka kwenye picha yake ya zamani, kabla mdomo haujakwenda kombo. Kwenye Inkscape uso huchorwa kwa vipande, kipande cha shavu, kipande cha pua, kipande cha kivuli chini ya kofia, kila kimoja na rangi yake. Nimechora vipande themanini na vitatu. Macho peke yake yamenila tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemaliza, na niseme kweli, sijawahi kuchora kitu kizuri namna hii. Jina MAULID limekaa chini ya uso wake, na ndani ya herufi hakuna rangi, mna makuti. Nilipiga picha ya makuti yaliyosukwa kwenye paa la jiko lake, nikayaingiza ndani ya herufi, ukitazama unaona jina na paa kwa pamoja. Nikaweka kivuli chembamba upande wa kulia, jina likasimama.

Ili nijue maneno yanakaaje, nikaandika yote. Huwezi kupima herufi bila kuwa na herufi. "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Ametutoka Mzee Maulid wa Mwera. Maziko ni leo saa kumi alasiri." Sikuwaza maana yake. Nilikuwa natazama nafasi kati ya mistari.

Niliona raha. (Nimeongeza tarehe 19: hilo ndilo linalonichoma zaidi sasa hivi ninapousoma tena ukurasa huu.)

Jumamosi, 19 Aprili

Tangu Jumatatu sijaandika. Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha, hasa hayo.

Alhamisi jioni, kabla ya Magharibi, Rahimu alinitumia herufi zake mpya zinazofanana na maji yanayotiririka. Zilikuwa nzuri. Roho ikaniuma. Nikaichukua ile picha ya Mjomba nikamtumia, kisha nikamwandikia: "Uonaje kivuli cha jina? Hii ni akiba tu, usimwonyeshe mtu." Mtandao ulikuwa umekufa kwa mvua. Picha na maneno vyote vikabaki na alama ya saa, havijatoka. Simu ilikuwa karibu kuzima, umeme hakuna, nikaiacha nikaenda kulala.

Alfajiri ya Ijumaa mtandao ulirudi dakika moja. Picha ikaenda. Maneno hayakuwahi, simu ikazima chaji.

Rahimu ni mtoto wa Mwera. Mjomba ndiye aliyemfundisha kukwea mnazi. Aliamka akaiona ile picha, na kwenye tanzia mtu hatazami kivuli, hutazama jina. Alilia, akaipeleka kwenye kundi la watu wa Mwera, akaipeleka kwenye kundi la ukoo wetu. Saa moja asubuhi picha yangu ilikuwa Pemba, Moa, Dar es Salaam, Mwanza. Mimi nilikuwa dukani napiga mswaki.

Umeme ulirudi saa sita. Simu ikawaka, ikaanza kutetemeka mezani haikomi. Nilisoma pole tatu za kwanza nikadhani Mjomba amefariki kweli. Nikapiga kelele. Ya nne ilikuwa na picha, na picha ilikuwa yangu.

Nilivuka na kivuko, nikapanda bodaboda, kwenye matope nikashuka nikakimbia. Uwanjani kwa Mjomba turubai lilikuwa limeshafungwa. Wanawake wamekaa mkekani na kanga vichwani, wengine bado wanafuta macho, wengine wameshaanza kukasirika. Mkaza mjomba alinisimulia hapo hapo mlangoni, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Watu waliingia uwanjani wakilia. Yeye alikuwa jikoni, akadhani kuna msiba kwa jirani. Mjomba kitandani akauliza, "Nani kafa?" Mwanamke wa kwanza aliyeingia chumbani kumkumbatia mfiwa akamwona maiti anageuza kichwa. Alianguka.

"Nani kafa?" Mjomba akauliza tena.

"Ati wewe," mkaza mjomba akamjibu.

Na kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Vijana wa Mwera hawangoji, maiti haicheleweshwi, wameona "leo saa kumi" wamebeba majembe. Imamu akasema kaburi likishafunguliwa haliachwi wazi, litamwita mtu. Wakakata mgomba. Niliwaona wakiubeba wanaume wanne mvuani, wakaulaza kuelekea kibla, wakaufukia. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, "Umezika, Tausi. Umeridhika?"

Sikuingia ndani. Mkaza mjomba alisimama mlangoni. "Humu hupiti," alisema. "Mikono yako ibaki huko huko."

Jumapili, 20 Aprili

Nimeifuta ile picha kwenye kompyuta, nikalimwaga na pipa la taka la humo ndani. Rahimu amepiga mara nane. Nilipopokea tukalia wote wawili, kisha akasema, "Kivuli kilikuwa kizuri lakini." Nikakata simu.

Jumatatu, 21 Aprili

Mama Mkubwa Wanu amefika kutoka Pemba. Ni dada mkubwa wa Mjomba, na kwa miaka kumi na moja hawakusemeshana kwa sababu ya mikarafuu ya baba yao. Tanzia ilichelewa kumfikia, akaipata Jumapili akapanda chombo usiku huo huo, akatapika njia nzima, hakuna aliyekumbuka kumpigia kumwambia si kweli. Nilikuwa nimevuka, nikayaona kwa dirisha, kama mwizi. Aliingia na udi na marashi ya maiti, akamkuta maiti anakunywa chai.

Alimwangukia kifuani. Kisha alipomaliza kulia akainuka, akampiga kibao cha bega, upande ule wenye uzima. "Ningelijua u hai, wallahi n'singekuja!"

"Basi rudi," Mjomba akasema.

"Sirudi. Nishatapika vya kutosha."

Nilicheka peke yangu huko nje. Nikashika hilo, nikalifanya fimbo ya kuegemea: picha yangu imewapatanisha ndugu. Mtu mwenye hatia hakosi cha kushika.

Jumatano, 23 Aprili

Mteja mmoja tu, wa picha ya kitambulisho. Alipoona nafuta mandhari ya nyuma yake kwenye kompyuta akauliza kama ni lazima nimguse usoni.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Duka nimefunga. Mvua.

Jumanne, 29 Aprili

Wanawake wa kikundi cha mwani wamehamishia nembo yao kwa mtu mwingine. Mwenyekiti wao aliniambia kwa upole kwamba si kwa ubaya, lakini mkono wangu una mkosi kwa sasa, upumzike. Nimejibu sawa. Nilitaka kumwambia mkono si wa kulaumiwa, wa kulaumiwa ni ule moyo uliotaka kusifiwa na Rahimu, ila hayo ni maneno mengi kwa mtu aliyekuja kuchukua karatasi zake.

Jumapili, 4 Mei

Leo nimeruhusiwa kuingia. Mama Mkubwa Wanu, kabla hajarudi Pemba, alimwambia mkaza mjomba kwamba mtoto hafukuzwi na msiba uliokuwa haupo. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikaomba radhi. Mjomba alinitazama kwa jicho la uzima.

"Waliokuja walikuwa wengi?" akauliza.

"Wengi, Mjomba. Mpaka wa Kipumbwi."

"Na hao wasiokuja, waliandika?"

Laiti ningesema simu sina. Lakini niliona njia ya kujisafisha. Nilijua mna pole zaidi ya mia kwenye kundi la ukoo, zote za kumsifu. Nikaona, nikimsomea atajua anavyopendwa, na kosa langu litageuka zawadi. Nikatoa simu nikaanza kusoma kwa sauti, na alifurahi kweli. Kila jina alikuwa na neno.

"'Tumepoteza mtu mkarimu kuliko wote pwani hii.'"

"Nani huyo?" Nikamtajia. "Muongo mkubwa! Alimfunga mbuzi wangu miezi mitatu!"

Tulicheka, mkaza mjomba naye akacheka jikoni, mara ya kwanza tangu siku ile. Nikaongeza mwendo, nasoma kama mtangazaji wa redio. Ndipo nikasoma ujumbe mmoja, na nilikuwa nimeshausoma wote kabla sijaangalia ni wa nani:

"'Innalillahi. Nimepata habari. Zikeni tu msinisubiri, huku kazi imebana. Nitajitahidi arobaini, Mungu akipenda.'"

Mjomba akangoja nitaje jina. Nilikuwa nalitazama jina.

"Nani?" akauliza.

Ningeweza kutaja yeyote. Ukoo wetu una majina tele. Lakini Mjomba ananijua tangu nina miaka sita.

"Ni Saleh," akasema mwenyewe. "Aliandika saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Na aliposikia ni uongo, aliandika nini?"

Nikatafuta, nikatumaini, nikatafuta tena. Palikuwa na neno moja, Alhamdulillahi, na kidole gumba kimesimama.

"Hakukosea," Mjomba akasema. "Maiti haisubirishwi. Ndivyo dini isemavyo." Akaomba ageuzwe ukutani alale. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Jumatano, 7 Mei

Mjomba hali chakula sana. Uji vijiko vitatu.

Jumapili, 11 Mei

Nimevuka tena. Mjomba aliitikia shikamoo, akageuza uso ukutani mpaka naondoka. Nilimfulia shuka, nikamkata kucha. Mkono wa uzima nao alikuwa ameulegeza kama ule mwingine.

Mkaza mjomba amenivuta uani. "Ule uchuro wako ndio unaomla," alisema. "Kaburi lilishalijua jina lake."

Alikuwa jikoni siku ile nasoma, alisikia vicheko tu, ujumbe wa Saleh hakuusikia. Ni mwanawe pia. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nikasema ndiyo, ni uchuro, tumsomee dua. Nikaona heri tuuogope mgomba uliofukiwa, maana mgomba una dawa yake, kuna dua na sadaka. Hilo jingine sijui linasomewa nini. Kwa hiyo nikalichukua kosa langu dogo nikalifunikia kosa langu kubwa, na wote wakaniamini.

Jumanne, 13 Mei

Dua imesomwa. Mjomba aliitikia amina kila mahali panapotakiwa, kwa heshima, kama mgeni.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwandikia Saleh. Nilifuta mara tano. Mwisho nikaandika: "Kaka, mzee hali chakula. Njoo japo siku mbili. Usinijibu mimi, mpigie yeye." Nilikuwa nimeshamchukia. Nilikwisha mchora kichwani na pembe. Nyumba ile ile tulikulia, ugali sahani moja, mimi mtoto wa dada na yeye mwenye nyumba, na aliyebaki kufua mashuka ni mimi.

Amejibu jioni: "Poa dada. Idd nitajipanga." Hakumpigia.

Jumapili, 25 Mei

Mvua kubwa kuliko zote. Kivuko kimesimama, sikuweza kuvuka. Nimekaa nikihesabu ni wiki ya tatu sasa Mjomba hajauliza kama Saleh amepiga simu. Zamani swali hilo lilinichosha.

Alhamisi, 29 Mei

Kazi zimeanza kurudi. Bango la duka la dawa. Nimetumia herufi za kawaida, nyeusi, bila kivuli. Mwenye duka akasema, "Tausi, umeishiwa?"

Jumapili, 1 Juni

Mjomba amekunywa uji bakuli zima. Mkaza mjomba alimwambia kwamba Saleh amesema Idd atajipanga. Mimi ndiye niliyempa habari hiyo ampe. Mjomba alimaliza uji.

Jumamosi, 7 Juni. Idd ya kuchinja

Saleh hakuja. Saa tatu asubuhi nimepokea kutoka kwake picha, na chini yake maneno mawili: "Muonyeshe mzee."

Ni picha ya kuokota mtandaoni, moja ya zile zinazopita kwenye simu za watu elfu. Mwezi, kondoo wawili, Idd Mubarak. Kwa chini amejiandikia jina lake kwa kidole, kwa herufi za njano juu ya weupe, kiasi kwamba huoni mpaka uikaribie, tena limekwenda upande. Hakuandika "baba". Hakuuliza hali. Niliitazama hiyo njano juu ya weupe na damu ikanipanda. Mzee anakufa kwa kungoja, yeye anamtumia kondoo. Nikaifuta. Nilijisikia nimempiga kofi.

Jumapili, 8 Juni

Nimechora kutwa nzima. Sikuwa nimechora hivi tangu ile ya Aprili. Nimemtoa Saleh kwenye picha ya hitimisho la madrasa, kanzu nyeupe, nikamkuza umri kidogo, nikamsimamisha kando ya Mjomba mbele ya minazi. Mwanga nimeuelekeza upande mmoja kwa wote wawili ili ionekane walisimama pamoja. Juu, kwa dhahabu: "Baba yangu mpenzi, Idd njema. Nakukumbuka kila siku. Mwezi ujao nakuja. Mwanao, Saleh." Nimeichapa kwenye karatasi ya kung'aa.

Hata sasa sijui nilikuwa namfanyia Mjomba au naufanyia moyo wangu. Najua tu kwamba nilipolaza kivuli cha Saleh juu ya kivuli cha baba yake nilifurahi tena, ile ile raha.

Jumatatu, 9 Juni

Nimevuka asubuhi. Anga jeupe, matope yameanza kukauka njiani. Mkaza mjomba alikuwa ameenda kisimani. Nikasema, "Mjomba, Saleh amekuletea salamu za Idd," nikamwekea picha mkononi.

Aliinua mkono, akaishika kwa mbali, kisha kwa karibu. Nikamsomea maneno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kazi nzuri," akasema.

"Ya Saleh, Mjomba."

"Saleh hajapata kuniita baba, achilia mbali mpenzi. Ananiita mzee." Akaiweka picha tumboni. "Na mkono huu naujua, Tausi. Nimeuona tangu unachora kuku kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko langu."

Nililia. Nikaomba radhi kwa hii, na kwa ile ya kwanza, na kwa kaburi, na kwa mgomba, nikavichanganya vyote.

"Ile ya kwanza?" Alinikatiza. "Ile ilinichekesha. Nani mwingine aliyepata kusikia anavyoliliwa? Wanu alikuja. Radhi zangu unazo tangu siku ile, usiibebe." Akapumzika, pumzi ikarudi. "Lakini ulinisomea. Mimi kabla hujanisomea nilikuwa na mtoto mwenye shughuli nyingi."

Nikaiondoa picha tumboni mwake, nikaipindua kifudifudi. 

 Kuku waliingia wakatoka. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu:

"Yeye mwenyewe hakuleta kitu?"

"Alileta."

"Kiko wapi?"

"Nimekifuta, Mjomba. Kilikuwa kibaya. Kilikuwa cha kuokota."

Alifumba macho. Nilidhani anataka niondoke, lakini mkono wake wa uzima ulikuwa umeshika kitambaa cha kanga yangu.

"Kilikuwaje?"

Nikamweleza. Mwezi, upande wa juu. Kondoo wawili, mmoja mkubwa. Idd Mubarak, herufi nene.

"Na jina lake?"

"Chini. Kwa njano."

"Kaliandika yeye?"

"Kaliandika yeye. Limekwenda upande."

"Upande gani?"

"Wa kulia, Mjomba. Limepanda kidogo, S iko chini na H iko juu."

"Ndivyo aandikavyo," akasema. Ule upande wa mdomo unaofanya kazi ukatabasamu. "Tangu darasa la kwanza. Mwalimu alimchapa, hakunyooka. Na aliandika nini kingine?"

"'Muonyeshe mzee.'"

"Muonyeshe mzee," akarudia. "Basi nionyeshe."

Nimemwandikia Saleh pale pale, nikiwa nimepiga magoti, aitume tena ile picha. Alama mbili za buluu, ameusoma ujumbe. Akauliza, "Ipi hiyo?" Nikamwandikia ya kondoo. Hajajibu mpaka sasa ninapoandika haya. Pengine alipeleka nyingi asubuhi ile, hakumbuki ipi ilikuwa ya baba yake.

Mjomba hakufumbua macho. Aliivuta kanga yangu kidogo.

"Anza tena," akasema. "Huo mwezi ulikuwa mwembamba au mnene?"

Nikaanza tena.